Ubeti Walioukata

Sabina alisikia sauti ya mwanamke mahali ambapo hapakupaswa kuwa na mwanamke.

Ilikuwa Alhamisi saa nane mchana, katika studio ya redio ndogo huko Pasiansi. Alikuwa akiandaa kipindi chake cha Jumamosi, kile cha kulinganisha nyimbo za zamani na matoleo ya wale waliozirudia. Safari hii alichagua "Mgeni wa Ziwani" wa Mzee Machibya, mwalimu mstaafu aliyeurekodi ujanani, yeye na gitaa lake tu. Ulikuwa umerudiwa mara mbili: kwanza na kwaya ya wanaume ya Buhongwa, kisha na Queen, binti wa bongofleva ambaye toleo lake lilipigwa karibu kila harusi mjini.

Kwenye toleo la kwaya, ambayo ni ya wanaume peke yao, mwanamke alikuwa akiitikia. Alikuwa mbali, taratibu, kama mtu anayeimba huku anafua.

"Nestory, umechanganya mafaili?" Sabina alimuuliza fundi mitambo.

"Sijagusa kitu, dada."

Akaweka toleo la Queen. Mwanamke yule yule, na hakuwa Queen. Akampigia binti simu.

"Hata mimi nilimsikia," Queen alinong'ona. "Prodyuza akasema ni mwangwi. Dada, mimi wimbo ule siuimbi tena." Akakata.

Mwisho Sabina akasikiliza toleo la Machibya mwenyewe. Gitaa na mzee, basi. Mwanamke hayumo.

Shaka yake yote ikamwangukia Nestory. Mwezi uliopita aliomba apewe kipindi hicho akakataliwa, na tangu Jumatatu, alipoletewa nyimbo zile, alikuwa akijifungia studio na hedifoni masikioni mpaka jioni. Nani mwingine angeweza kupachika sauti ili amwaibishe hewani? Lakini Queen naye ameisikiaje?

Ijumaa Sabina alirudi kutoka kula akakuta korido inanuka tope la ziwani na kambare. Nyuma ya mlango wa studio watu wawili walikuwa wakizungumza kwa sauti ya chini, mwanamume na mwanamke. Leo nimemkamata na huyo mwanamke wake, akajisemea, akausukuma mlango.

Nestory alikuwa peke yake. Waya wa hedifoni ulining'inia, haukuchomekwa popote, na maji yalikuwa yakitiririka kutoka mikononi mwake na kulowanisha meza na karatasi na sakafu mpaka kwenye viatu vya Sabina, na alipogeuka polepole, midomo yake ikiwa imefumbwa, sauti ya yule mwanamke ikatoka kifuani mwake, ikasema kwa upole kabisa, "Wamenikaribisha. Mbona hakuna aliyeniaga?"

Sabina alikimbilia uani. Huko ndipo alipokumbuka kitu alichokiandika kwenye daftari lake la kulinganisha bila kukitilia maanani: wimbo wa Machibya una beti nne. Kwaya na Queen waliimba tatu. Ule wa nne, wa Kikerewe, walikuwa wameukata. Akampigia mzee simu, nyumbani kwake Usagara.

"Shikamoo, mwalimu. Ubeti wa nne unasema nini?"

"Marahaba. Kwani umekatwa?"

"Kwaya waliogopa ni mambo ya mizimu. Queen aliona wimbo mrefu."

"Beti tatu za kwanza zinamwita huyo mgeni, mwanangu. Nilifundishwa hivyo nikiwa mwalimu Ukerewe. Ameingia kwa nani?"

"Kwa fundi wetu. Nimpigie rekodi yako?"

"Rekodi hataisikiliza. Aimbiwe na mtu aliye hai. Nakuja."

Alifika na teksi saa kumi, hana hata gitaa. Alikaa mbele ya Nestory, akamshika mikono ile iliyolowa, akaimba ubeti wa nne kwa sauti iliyokwaruza. Nestory akajipinda, akatapika maji meusi, akaanguka. Aliponyanyua kichwa, sauti ilikuwa yake mwenyewe.

"Dada Sabina, leo ni siku gani?"

Sabina alilia kwa furaha, na kwa aibu ya kumshuku. Machibya hakutabasamu. Alitoka taratibu hadi kwenye teksi, akafungua mlango wa nyuma, akasubiri, akaufunga polepole. Kisha akaketi mbele.

"Si ungekaa nyuma, mwalimu, unyooshe miguu?" Sabina, aliyemfuata nje, akauliza.

"Nyuma pamekaliwa."

Dereva akakunja pua, akashusha kioo.

"Lakini umemfukuza!" Sabina alisema.

"Ubeti ule haumfukuzi. Unamwambia: twende kwangu."

"Na mama, mkeo, je, nyumbani?"

"Teodora nimempeleka kwa dada yake. Nimemwambia asirudi."

Teksi ikaondoka kuelekea Usagara, nyuma imelala kama iliyopakia magunia ya mchele.