Dawa za Yasin Mwezi wa Ramadhani

Kila asubuhi kabla ya kwenda shuleni, Hanan alikuwa na kazi moja ambayo hakumwachia mtu mwingine. Alimimina maji kwenye kikombe, akatoa kidonge kwenye chupa, akampelekea kaka yake Yasin. Kidonge cha jioni kilikuwa kazi ya Nyanya Zeinabu. Yasin alikuwa fundi cherehani hapo Makina, Kibera, na kanzu aliyoikata yeye ilimkaa mtu sawasawa. Miaka michache nyuma aliugua akili. Alisikia sauti ambazo wengine hawakuzisikia, akawa haamini hata chakula cha Nyanya. Dawa ndizo zilizomrudisha kwenye cherehani yake, na nyumba nzima ikapumua.

Mwezi wa Ramadhani ulipoandama, Hanan alimpelekea maji kama kawaida. Yasin akasukuma kikombe polepole, akasema amefunga. Hanan alipomkumbusha kwamba mgonjwa ameruhusiwa kula, aliinamisha kichwa. Vijana wote wa sokoni walikuwa wamefunga, alisema, naye amechoka kuwa mtu wa kuhurumiwa. Kidonge cha asubuhi angekiacha mpaka Idi.

"Usimwambie Nyanya," akamsihi. "Kwani mimi si mwanaume kama wengine?"

Hanan alimpenda kaka yake kupita kiasi, na upendo huo ndio uliomponza. Alikirudisha kidonge chupani, akaenda zake shuleni akijiona mtu mzima aliyeaminiwa siri nzito.

Mambo yaliharibika kidogo kidogo. Kwanza usingizi ulimpaa Yasin. Kisha alishona mikono ya kanzu ya mteja ndani nje, akaapa kwamba ndivyo alivyoagizwa. Halafu siku moja alitoka dukani mbio, akamshika muuza dagaa wa omena mmoja wa mtaa wa Kisumu Ndogo, akitaka aambiwe ni nani aliyemtuma kumpeleleza. Watu walikusanyika, wakatoa simu zao kumpiga picha badala ya kumsaidia. Nyanya alimrudisha nyumbani kwa kumshika mkono, huku machozi yakimtoka.

Mjomba Abdulrahman hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa mtu wa haraka. Alitangaza kwamba dawa za hospitali zimeshindwa. Kule Kawangware kulikuwa na mganga aliyewafunga wagonjwa wa namna hiyo minyororo miguuni mpaka watulie. Kesho, baada ya swala ya Ijumaa, angekuja na gari kumchukua Yasin. Nyanya alibaki amejiinamia. Yeye aliamini mjukuu wake anameza dawa zote kila siku, sasa angetetea nini?

Hanan aliyasikia hayo yote akikoroga unga wa gurusa, ule mkate mwembamba wa Kinubi uliopendwa na Yasin. Akisema, kaka yake hatamwamini tena. Akinyamaza, kaka yake atafungwa mnyororo. Aliuacha mwiko ndani ya sufuria, akasimama mbele yao.

"Nyanya, dawa hazijashindwa," akasema. "Yasin ameacha ya asubuhi tangu tuanze kufunga. Na mimi nilijua."

Yasin, aliyekuwa ameketi karibu na mlango, alimtazama kwa jicho lililomchoma hadi ndani. Nyanya hakumpiga Hanan wala hakumkaripia. Alichukua simu, akampigia Muthoni.

Muthoni alikuwa na saluni karibu na kituo cha Kawangware 56, tena aliongoza kikundi cha familia zenye wagonjwa wa akili kutoka Kawangware na Kibera, Nyanya akiwa mmoja wao. Alifika kabla ya futari, akiwa na mdogo wake, Kagiri. Hakubishana na Mjomba hata kidogo. Alimwomba tu Kagiri apandishe suruali. Makovu yalikuwa yamezunguka vifundo vyote viwili vya miguu.

"Mimi nimekaa kwa huyo mganga," Kagiri akasema. "Nilitulia juu nilichoka kulia. Kupona, nilipona nikipewa dawa."

Mjomba aliitazama miguu ile kwa muda mrefu. Habari ya gari haikutajwa tena.

Asubuhi yake walikwenda kliniki. Daktari Opondo alimsikiliza Yasin mwenyewe, kisha akamwambia asifunge mpaka atulie kabisa. Akaeleza kwamba dawa anayotumia inaweza kumezwa wakati wa daku na wakati wa futari, ila kuna nyingine zisizopatana na kufunga hata kidogo. Ndiyo maana ni lazima mgonjwa aulize kwanza. Yasin alitaka kujua kwa nini hakuambiwa mapema. Daktari alikiri kwa aibu kwamba hakuna mhudumu aliyewahi kufikiria jambo hilo.

Muthoni na wenzake hawakuliacha liishie hapo. Waislamu kwa Wakristo, waliketi na msimamizi wa kliniki. Waliomba kila mgonjwa aulizwe kuhusu mfungo kabla ya kupewa dawa, na aelezwe yeye mwenyewe kwa heshima, asizungumziwe kana kwamba hayupo. Msimamizi alilalamika kwamba wahudumu ni wachache.

"Kuuliza swali moja hakuhitaji mhudumu mwingine, mwanangu," Nyanya akamwambia.

Msimamizi alicheka kidogo, akakubali. Tangu siku hiyo swali hilo likawa linaulizwa, na wagonjwa walioacha kwenda kliniki wakaanza kurudi mmoja mmoja.

Idi ilipofika, Yasin alikuwa amerudi kwenye cherehani yake na ameshamwomba radhi yule muuza omena. Baada ya swala, kijana mmoja alimuuliza kama alifunga mwezi wote. Yasin alijibu waziwazi kwamba alikuwa mgonjwa akala, na siku zake atazilipa daktari akimruhusu. Hakuna aliyemcheka. Kisha akamvuta Hanan kando.

"Nilikukasirikia sana," akasema.

Hanan alijibu kwamba alijua.

"Sasa nisikilize. Mtu akikuomba unyamaze, na unaona anaumia, mwambie mkubwa hata kama atakununia. Mimi nilinuna, lakini leo nimekwenda kuswali kwa miguu yangu mwenyewe, na haina mnyororo."