Dada Yangu Alimchelewesha Mume Wangu kwa Ajili ya Picha

Nina miaka arobaini na mbili, ni mjane, mama wa watoto wanne, wa kwanza Neema, na ninauza maziwa hapa Nyabiondo, katika Masisi. Wasomaji wenzangu, sikuandika ili munionee huruma. Nimeandika kwa hasira, na hasira yenyewe siifichi! Maana aliyenitenda si muntu wa silaha, wala si mwizi wa ng'ombe. Ni Solange, mdogo wangu wa tumbo moja... yule niliyembeba mgongoni mama yetu akiwa shambani.

Mume wangu Faustin alikuwa mfugaji, mtu wa maneno machache. Alipoanza kuona damu chooni, alinificha. Mwanaume wa heshima ataanzaje kusimulia mambo ya choo? Mimi niligundua nilipokuwa nikifua nguo zake. Nikalia, nikamlazimisha twende kituo cha afya.

Walimpa dawa za amiba. Wakampa za minyoo. Jirani mmoja akasema ni karuho, ile sumu ambayo watu wanatiliana kwenye kinywaji, basi tukamnywesha mizizi michungu ya msituni mpaka akatapika. Damu haikukoma! Akakonda, mkanda ukawa hauna tena tundu la kumtosha.

Tukashuka Goma. Daktari wa hospitali kubwa alimpima kwa mashine yenye kamera, kisha akatukalisha chini. Akasema ni kansa ya utumbo mkubwa. Lakini akasema pia kwamba haijasambaa, na akipasuliwa haraka anaweza kuishi. Faustin alikubali palepale. Tulipanga turudi nyumbani, tuuze ng'ombe, tuje apasuliwe.

Tulikuwa tumefikia kwa Solange. Alikuwa akifanya kazi katika shirika moja linalokusanya michango ya utafiti wa kansa. Walifanya matembezi ya Jumamosi wakiwa na fulana nyeupe, wakapita makanisani, wakasema redioni. Niliposikia jina la ugonjwa wa mume wangu na jina la kazi ya mdogo wangu, nilipiga magoti. Nilidhani Mungu ametufungulia mlango... Kumbe!

"Yaya, musiuzishe ngombe," aliniambia, kwa jina tunalomwitia dada mkubwa. "Bageni ba shirika banakuya. Bakimuona Papa Neema, ni bao batalipa yote. Mungoje kidogo."

Nilimuuliza kama ana hakika.

"Miye njo natumika kule, Yaya. Utanishinda kujua?"

Ningebisha na nini? Yeye ndiye aliyesoma, yeye ndiye aliyevaa kitambulisho shingoni. Tukangoja. Wageni wakaahirisha, tukangoja tena. Faustin akaanza kushika tumbo akila, kisha akaacha kula. Kila nilipotaja hospitali, Solange alisema nisiharibu baraka kwa haraka zangu.

Siku wageni walipofika, Solange alimwomba Faustin avue shati. Mume wangu! Mtu ambaye hata mbele ya kaka zake hakuvua shati! Alinitazama, nami nikamwambia kwa macho avumilie. Wakapiga picha mbavu zake. Wakamuuliza, naye akajibu kwa sauti ndogo kwamba anakubali kuonekana hivyo ili watu wengine wapate dawa.

Baadaye mama mmoja kati ya wageni, mtu mpole, akamuuliza kwa nini hajapasuliwa mpaka leo.

Faustin akajibu, "Tulikuwa tunawangoja ninyi."

Yule mama alishtuka, uso ukambadilika. Akatueleza polepole kwamba michango yao ni ya utafiti. Inasaidia wataalamu kuchunguza ugonjwa, kutafuta vipimo na dawa. Hawalipii upasuaji wa mgonjwa hata mmoja, na kila anayefanya kazi nao anajua hilo tangu siku ya kwanza.

Niligeuka kumtazama Solange. Alikuwa tayari anaelekea jikoni.

Nilimfuata jikoni. Nilimshika mkono, nikamuuliza alikuwa anajua ao hakujua. Alianza kulia, kisha akasema neno ambalo sitalisahau mpaka kaburini:

"Yaya, kama bangemukuta amesha kupona, nani angetoa kitu? Batu banatoa bakiona mugonjwa!"

Wasomaji, mumesikia? Mume wangu aliwekwa akiba kama nyama ya sikukuu! Alitakiwa akonde kwanza, apendeze kwenye picha! Na sifa zote ziende kwa nani? Kwa Solange, maana baada ya picha ile alipandishwa cheo.

Nilikimbia Nyabiondo kuuza ng'ombe. Balaa juu ya balaa... vita vilikuwa vimepamba moto, barabara ya Sake, ile ya kwenda Goma, ikafungwa, wanunuzi wakakimbia. Mifugo yetu mingine ilichukuliwa na wenye bunduki. Nilitembea na ng'ombe waliobaki mpaka Kashuga, nikamkuta mtu wa kununua kati ya wakimbizi wa kambini waliokuwa na ndugu mjini. Barabara ilipofunguliwa nilirudi Goma na kumpeleka Faustin kupasuliwa; daktari alifungua tumbo, akalifunga. Kansa ilikuwa imeingia kwenye ini.

Mume wangu alikufa akinishika kidole. Hakumlaumu mtu. Ni mimi ninayelaumu!

Tulimzika Nyabiondo. Solange akaja matangani na wenzake, wamevaa fulana zenye uso wa Faustin, mbavu nje, na kamera begani. Mbele ya watoto wangu! Nilisimama katikati ya waombolezaji, nikamwambia atoke kwangu na asirudi. Wazee walisema nimezidi. Nilizidi nini? Ninyi mungefanyaje?

Nilidhani ubaya wake umeishia pale... lahaula!

Faustin aliacha mdogo wake, Janvier, anayeishi Walikale, akibeba mizigo ya wafanyabiashara kuelekea machimbo ya Bisie. Mwaka jana Janvier alinitumia sauti kwenye simu. Alikuwa anaona damu chooni. Nilipiga yowe mpaka maziwa yakanimwagika miguuni! Nilimwambia aache mizigo siku hiyohiyo, asinywe mzizi wa mtu yeyote, aje Goma.

Tulimkuta daktari yuleyule. Aliponitambua, akauliza kwa mshangao kwa nini ndugu wa marehemu anakuja leo tu. Akasema Faustin alipokufa, mimi nikiwa njiani na maiti, alimwita Solange akamwambia ndugu wote wa damu wapimwe hata kama hawaumwi, kwa sababu utafiti umeonyesha kansa hii mara nyingine inafuata ukoo. Solange aliahidi kutuambia.

Hakutuambia!

Nilimpigia simu palepale. Alisema nilimfukuza matangani, angenifikiaje? Angenifikiaje... mtu aliyesema redioni mji mzima ukasikia! Alikuwa na ulimi wa kuombea utafiti michango, lakini kile utafiti ulichogundua, cha kuokoa nyumba yetu, alikimeza.

Kwa Janvier tuliwahi. Alipasuliwa, kipande kibaya kikatolewa, akaanza kutembea koridoni akishikilia ukuta. Nikalia kwa furaha na kwa uchungu pamoja, maana ndivyo Faustin naye angetembea.

Hapo ndipo Solange alipotokea mlangoni, na maua, na simu ameielekeza kitandani. Alitaka Janvier aseme maneno machache kwa ajili ya matembezi, eti ushuhuda wa aliyepona.

Janvier alivuta shuka mpaka kidevuni. "Dada Solange," akasema, "maneno ya dokta njo ungeniletea. Leo haiko kitu nitakupatia."

Nilimsukuma nje kwa mikono yangu, nikafunga mlango.

Wasomaji wenzangu, sisemi musichangie utafiti. Changieni! Bila huo, daktari angejuaje kwamba Janvier yuko hatarini? Faustin mwenyewe alitaka wengine wapone. Lakini ulizeni waziwazi msaada ni wa nani na wa kazi gani, na mumuulize mtu zaidi ya mmoja, hata kama anayewaambia ni wa damu yenu. Musikubali mgonjwa wenu afanywe tangazo huku akikosa kisu cha daktari.

Solange ananitumia ujumbe wa kuomba msamaha kila Jumapili. Ninasikiliza, sijibu. Labda moyo utageuka siku moja... leo hapana.

Na wewe unayeona damu chooni na kuona haya kumwambia mkeo ao mumeo, nakuomba, sema sasa hivi. Ukiambiwa upasuliwe, kubali. Usingoje mgeni yeyote!