Pumzi Kumi na Nane

Mzaha mzaha, walisema waliotutangulia, hutumbua usaha. Jambo hili lilianza kwa mzaha wa mume kwa mkewe, adhuhuri ya siku isiyo na sifa yoyote, chakula kikiwa mezani.

"Leo umelala, alhamdulillahi," alisema fundi cherehani, akichomoa pini mdomoni moja baada ya nyingine. "Lakini mke wangu, una mapafu ya trekta! Nilisimamisha cherehani nikidhani kuna gari linanguruma nje."

Mkewe aliweka kijiko chini. "Ilikuwa saa ngapi?"

"Tangu saa nne mpaka sasa hivi."

"Nilikuwa uani, bwana. Nimefua mashuka yote. Tazama mikono yangu."

Mikono ilikuwa imekunjamana kwa maji ya sabuni. Fundi akacheka, kisha akautazama mlango wa chumba chao, uliokuwa umefungwa, na kicheko kikamponyoka kama uzi unavyoponyoka tundu la sindano.

Mwanamke huyo alikuwa muuguzi, na wenzake walimwita Sista Saa, kwa sababu ya saa aliyoibana kifuani kichwa chini miguu juu, ili aisome yeye peke yake anapohesabu mapigo ya wagonjwa. Kwa miaka sita alifanya zamu za usiku. Usiku wake ulikuwa mchana: alirudi asubuhi, akaziba dirisha kwa blanketi zito, na usingizi ukamjia kwa adabu, kama mtoto aliyelelewa vyema. Sasa ilikuwa siku ya ishirini hajaonja hata lepe. Naye alijua sababu, ingawa hakuwa ameitamka mbele ya mtu.

Usiku mmoja, siku ishirini nyuma, wodi ilikuwa na wagonjwa arobaini na mmoja, na wauguzi wawili. Mwenzake akaitwa chumba cha upasuaji, akabaki yeye. Kwenye kitanda namba tisa alilala mwashi kijana, aliyeanguka kutoka jukwaa la ujenzi na kupasuliwa tumbo jioni ile, kucha zake zikiwa bado na saruji. Amri ya daktari ilikuwa wazi: apimwe kila saa. Saa tano usiku Sista Saa alimpima, na kijana akamwomba maji.

"Bado huruhusiwi kunywa, kaka. Vumilia. Nitarudi saa sita."

"Usinisahau, Sista."

"Mimi? Uliza wodi nzima kama nimewahi kuchelewa."

Lakini saa sita kasoro akaletwa mtoto mwenye degedege, na baada ya mtoto mzee aliyetapika damu. Na alipokaa kitako ilikuwa saa kumi alfajiri, na kwenye chati ya kitanda namba tisa visanduku vinne vilikuwa vitupu. Miguu ilimwaka moto. Kitanda kilikuwa mwisho wa wodi, kimya. Akachukua kalamu akavijaza. Saa sita, pumzi kumi na nane kwa dakika. Saa saba, kumi na nane. Saa nane, kumi na nane. Saa tisa, kumi na nane. Kisha akaenda kumtazama, akamkuta amekauka kama ubao, taya limegoma kufunguka.

Maiti haikauki hivyo kwa saa moja. Muuguzi yeyote anajua. Lakini daktari aliyeitwa alikuwa amechoka kuliko yeye, akaisoma chati badala ya kuusoma mwili, akaandika kwamba mauti yametokea saa kumi. Hivyo karatasi ikampa kijana saa nne za uhai ambazo Mola wake hakumpa.

Waliosoma wanatufundisha kwamba kalamu iliumbwa mapema mno, na kwamba kila mja ana waandishi wawili mabegani wasiosinzia. Kuandika si jambo dogo. Sista Saa aliyasikia hayo utotoni, akayasahau kama tunavyoyasahau sote, mpaka siku ile ya mashuka.

Siku iliyofuata alijilaza saa tano asubuhi. Nje jua lilikuwa kali na cherehani ya mumewe ilikuwa ikilia sebuleni. Kwanza ilikuja harufu: saruji mbichi, ile harufu ya baridi ya ukuta uliopigwa lipu asubuhi. Kisha ikaja pumzi. Bila kukusudia, kwa mazoea ya kazi, aliinua saa yake, akahesabu dakika nzima, na ikawa kumi na nane. Akahesabu tena, ikawa kumi na nane, haipungui wala haizidi, sawasawa kama haipumuliwi na kifua cha nyama bali inasomwa mahali fulani. Naye akiwa amelala chali, hathubutu kugeuza shingo, akahisi godoro upande wa mumewe likididimia taratibu, kwanza usawa wa nyonga, kisha bega, kisha kichwa, hadi mto ukatoa mlio mdogo wa kubonyea, na baridi ikamgusa sikio, na kitu kikavuta pumzi ndefu kama kinachotaka kusema.

"Wewe nani?" alinong'ona.

"Yule uliyemwandika."

"Yule alikufa. Alikufa, Mungu anisamehe."

"Yeye alikufa," sauti ikasema kwa upole. "Mimi ndiye niliyepumua."

Akaanza kujivuta kuelekea ukingo wa kitanda.

"Uliandika pumzi zisizo na mwenyewe," sauti ikaendelea. "Nyumba ikishafunguliwa mlango, haikosi mpangaji. Nilikaa mle saa nne, kama ulivyoandika. Walipomzika nikakosa pa kulala. Sasa nalala usingizi wako."

Fundi alimkuta sakafuni. Mwanamke akamweleza yote. Kesho yake fundi akamleta maalim, mzee mwenye macho mabovu na moyo usio na papara.

"Binti yangu, nimetoa majini wa kila namna," alisema maalim akivua viatu. "Wengine hutaka manukato, wengine wakali kama wakwe. Tumsikie huyu."

Alisoma tangu asubuhi hadi adhuhuri. Maji aliyoyasomea yakatoka utando wa kijivu, ukaganda, bakuli likapasuka. Ndipo pumzi ilipokatika, na ile sauti ikasema kutoka chini ya blanketi la dirishani, kwa heshima kama mwanafunzi mbele ya mwalimu wake:

"Maalim, usijichoshe. Sikuingia kwa uchawi, niliingia kwa maandishi. Aliyeniandika anifute."

Mzee akafunga kitabu.

"Amesema kweli, na hilo ndilo baya zaidi," alinong'ona. "Dawa yako ni moja. Nenda kwa mwenye haki na mtu yule, umwambie mwanawe alikufa saa ngapi. Ukimwambia, huyu hana tena pa kukaa. Lakini ole wako ukilirudia neno la uongo kwa ulimi. La kalamu moja limetosha kumleta."

"Mwenye haki ni mama yake," alisema Sista Saa.

"Basi nenda kabla hujakonda ukaisha."

Mama wa mwashi aliishi katika nyumba aliyojengewa na mwanawe, chumba kimoja bado hakijapigwa rangi. Alimpokea mgeni wake kwa mikono miwili.

"Karibu mwanangu, karibu. Wewe ndiye uliyekuwa naye?"

"Ndiyo, mama. Nimekuja kukwambia kitu."

"Ngoja kwanza nikwambie mimi," alisema mama, akimshika kiganja. "Usiku ule mlinzi alinifukuza getini. Nikasema, sawa, hamniruhusu kumwona, hamwezi kunizuia kumwombea. Nikakaa kwenye ukingo wa mtaro, saa sita, saa saba, mpaka saa kumi. Daktari akaniambia baadaye kwamba muda wote huo alikuwa anapumua vizuri. Nikajua dua zangu zilimkuta mtu aliye hai. Hakufa peke yake, mwanangu. Mimi nilikuwa naye. Nikilikumbuka hilo ndipo ninapopata usingizi." Akamtazama usoni. "Alikuwa anapumua vizuri, sivyo?"

Neno lilikuwa limeshafika kwenye meno. Sista Saa aliutazama uso ule, akaona kwamba analotakiwa kulivunja ndilo tegemeo la pekee lililolishikilia paa. Huruma na woga vina sura moja. Hata mwenyewe hakujua ni kipi kilichomsemesha.

"Ndiyo, mama," alisema. "Mara kumi na nane kwa dakika."

Kisha, nyuma ya mlango wa kile chumba kisichopakwa rangi, kitu kikavuta pumzi.

Mama akageuka. Machozi yakamlengalenga, na uso ukachanua. "Umesikia?" alinong'ona. "Umesikia, mwanangu? Amerudi nyumbani."

Tangu siku hiyo chumba cha fundi kimekuwa kimya, ila usingizi haukurudi. Mpangaji alihama na vyombo vyote. Sista Saa aliacha kazi. Kila asubuhi huvaa saa yake kifuani, huenda kwa yule mama, na wanawake hao wawili hukaa kwenye mkeka mbele ya mlango uliofungwa, katika harufu ya saruji isiyokauka. Mama husikiliza akitabasamu. Yeye huhesabu. Huhesabu pumzi za mle chumbani, kisha humhesabu mama pembeni yake, ambaye mashavu yamebonyea na vidole vimebaki mifupa. Wiki ya kwanza mama alipumua mara kumi na sita kwa dakika. Wiki ya tatu, kumi na tatu. Kila siku Sista Saa huja na neno la kweli mdomoni, na kila siku hurudi nalo.

Jana saa sita ya mchana alihesabu tena, dakika nzima. Mama, tisa. Chumbani, kumi na nane.

"Mama," alisema, "mama yangu, nisikilize. Usiku ule—"

Mama aliweka kidole chembamba juu ya midomo yake mwenyewe.

"Polepole, mwanangu," alisema. "Utamwamsha."