Betri Si Ng'ombe wa Maziwa

Kijijini kwetu, kwenye kilima kilicho juu ya mji mdogo wa Soni, ukungu huingia ndani bila kubisha hodi. Chumvi hulowa mkebeni, viatu vya shule huota kuvu, na mahindi ya mbegu yasipopandishwa darini juu ya meko huoza kabla mvua hazijafika. Ndiyo maana tangu utotoni nilijua kwamba kitu cha thamani huwekwa palipo na moto na moshi. Hakuna aliyewahi kuniambia vinginevyo.

Mwaka 2004 nilikuwa darasa la sita. Kila Jumamosi asubuhi mama alijitwika tenga la kabichi na karoti, mimi nikabeba mgongoni mkoba mweusi wa laptopu, tukateremka Soni. Laptopu haikuwa yetu. Ilikuwa ya kikundi cha wakulima wa mboga, na mama, Bi Zainabu, ndiye aliyekuwa katibu. Ililetwa na mradi mmoja miaka mitatu nyuma. Soko huria lilikuwa limepamba moto, na kila mnunuzi aliyepanda kutoka Tanga au Dar es Salaam alitaka aoneshwe orodha: nani ana nyanya, nani ana hoho, matenga mangapi na lini. Kijijini hapakuwa na umeme. Kwa hiyo Jumamosi niliichaji kwa Fundi Alen, fundi wa redio pale Soni, na wiki nzima iliyobaki tuliishi kwa betri.

Mama alikuwa mzito wa kuchapa, akitafuta kila herufi kama anachambua mchele. Vidole vyangu vilizoea upesi, na orodha zote za kikundi nilizichapa mimi. Sisemi hivi ili kujisifu. Au kama najisifu, basi najisifu kwa haki.

Mwenyekiti wetu alikuwa Mzee Nassoro, mtu wa ng'ombe wanne wa maziwa na kauli isiyorudi nyuma. Siku ile laptopu ilipoletwa alisimama akatoa amri.

"Betri ni kama ng'ombe wa maziwa," alisema. "Usipomkamua mpaka tone la mwisho, maziwa yanakauka. Kwa hiyo isichajiwe mpaka iishe kabisa."

Watu wakatikisa vichwa kukubali, maana kwa habari ya maziwa hakuna aliyemshinda. Nami nikatii. Kila wiki niliiacha iwake mpaka izimike yenyewe.

Mwanzoni betri ilidumu kwa muda wa saa tatu. Mwaka wa pili zikawa saa mbili. Mwaka wa tatu ilikuwa haimalizi hata saa moja, nasi tukaendelea kusema labda leo imeamka vibaya.

Siku ya aibu ikaja. Mnunuzi mmoja kutoka Tanga alifika kwenye ghala la kikundi kuiona orodha. Nikafungua laptopu, nikamsomea nyanya, nikamsomea kabichi, na nilipofika kwenye karoti kioo kikawa cheusi. Mnunuzi alisubiri kidogo, akaangalia saa yake, akaenda kununua kijiji cha pili. Matenga ya watu yakabaki pale pale ghalani.

"Mimi nimeshasikia sababu," alisema Mzee Nassoro mbele ya wanachama wote. "Huyu mtoto anacheza karata humo ndani. Michezo ndiyo iliyoimaliza betri."

"Samahani, mzee," nikasema. "Sijacheza karata hata siku moja."

"Unanijibu?"

"Najibu neno ulilosema, mzee."

"Hukuulizwa!" Sauti yake ilipanda hadi kwenye mabati. "Jumapili tutakaa kikao. Laptopu itahamia nyumbani kwangu, na mtoto huyu asiiguse tena."

Nilikasirika mpaka masikio yakawa ya moto. Shuleni kwetu hapakuwa na kompyuta. Ile laptopu chakavu ndiyo iliyokuwa pekee niliyowahi kuigusa, na nilikuwa nimeapa moyoni kwamba siku moja nitaifanya kuwa kazi yangu. Leo nanyang'anywa kwa kosa la kuzuliwa!

Jioni, tukichambua maharage, mama aliniita kwa upole. "Sabra, mwanangu, nenda kwa mzee ukaombe radhi, yaishe."

"Radhi ya nini, mama?"

"Ya kumjibu mkubwa mbele za watu."

"Hiyo nitaomba. Lakini ya karata siombi. Nikiomba, nitakuwa nimekubali."

Mama akarudi kwenye maharage yake. Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Nassoro, nikamwamkia, nikaomba radhi kwa kumjibu. Aliposubiri niendelee, nikaaga nikaondoka.

Jumamosi nilifika kwa Fundi Alen na mkoba mgongoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Sabra. Mbona uso umefunga kama msitu wa Magamba wakati wa ukungu?"

Nikamweleza yote. Alisikiliza huku akiifuta miwani yake kwa ncha ya shati, kisha akaichomoa betri, akaigeuza geuza, akainusa. Nilishangaa kwa nini anainusa.

"Karata haziui betri namna hii," alisema. "Kwanza elewa jambo moja. Betri inazeeka, hata ukiilea kama mtoto wa mfalme. Kila ukiitumia na kuichaji, umri wake unasogea. Lakini hii imezeeka kabla ya siku zake. Mwalimu Dorkasi wa kule Lushoto ana laptopu ndugu ya hii, zimekuja mwaka mmoja. Juzi nimeipima betri yake, bado inakaribia saa mbili. Sasa niambie, hii unaichaji ikiwa imefika wapi?"

"Ikizimika kabisa. Ndiyo amri ya mzee. Anasema ni kama ng'ombe, lazima akamuliwe mpaka mwisho."

Fundi alicheka mpaka akakohoa. "Mzee anajua ng'ombe. Hajui betri. Zile za zamani za nikeli, ni kweli, zilipenda kumalizwa mara moja moja. Hii ni ya lithiamu. Kila ukiikamua mpaka ife, unaiumiza. Ikibaki kama robo, ichaji."

Nilitaka kuruka kwa furaha. Kumbe mkosaji ni mzee mwenyewe! Nikaanza kuufunga mkoba ili niwahi nyumbani.

"Ngoja," alisema Fundi Alen. "Inalala wapi?"

"Darini juu ya meko, pamoja na mahindi ya mbegu," nikajibu kwa fahari. "Unyevu haufiki. Mahali pale nilipachagua mimi mwenyewe."

Aliuchukua mkoba mikononi mwangu. Kisha akaupeleka puani mwangu. Ulinuka moshi.

"Unyevu umeukimbia, vizuri," alisema taratibu. "Lakini adui mkubwa wa betri ni joto. Miaka mitatu imelala juu ya moto, asubuhi na jioni. Mbegu inapenda pale. Betri inakaangika."

Nilitazama chini, nikaona viatu vyangu vina matope.

"Hii haitarudi ilivyokuwa," aliendelea. "Kilichopotea kimepotea. Lakini kilichobaki kinaweza kutunzwa muda mrefu. Na kama ingekuwa imevimba, ningekuambia usiiwashe tena, maana inaweza kulipuka moto. Shukuru haijavimba."

"Utakuja kwenye kikao, Fundi?"

"Siji. Mdomo unao."

Njia nzima ya kupanda kilima nilibishana na nafsi yangu. Nilikuwa na jiwe la kumpiga Mzee Nassoro: amri yake iliumiza betri, na fundi amethibitisha. Habari ya darini ilijulikana kwetu watatu tu, mimi, mama na fundi, na mama hakujua kwamba joto ni kosa. Ningesema nusu tu, ningeshinda. Mzee alinizulia karata mbele ya watu. Kwa nini mimi nimhurumie? Nilifika nyumbani bado nabishana.

Jumapili alasiri ghala lilijaa. Mzee Nassoro alifungua kikao, akasema tuhuma zake, kisha mama akaomba nipewe nafasi. Nikasimama.

"Wazee wangu, shikamooni. Nimekwenda kwa fundi. Anasema betri hii haitakiwi kumalizwa mpaka izimike. Si ng'ombe wa maziwa. Tumeiumiza kila wiki kwa miaka mitatu, na hiyo ilikuwa amri ya mwenyekiti."

Mtu mmoja nyuma alilia "Mooo!" na ghala zima likaangua kicheko. Mzee Nassoro akashusha macho, akaanza kukunja na kukunjua kofia yake. Hapo nilikuwa nimeshinda. Ningekaa chini, mambo yangeishia pale.

Lakini nilimwona anavyokunja ile kofia, nikakumbuka jinsi masikio yangu yalivyowaka siku ile. Yeye alisema asilolijua. Mimi nilikuwa nakaribia kuficha ninalolijua.

"Sijamaliza!" nikapaza sauti kuliko nilivyokusudia. Kicheko kikakatika. "Fundi amesema kosa kubwa zaidi ni joto. Laptopu ililala darini juu ya meko. Aliyeiweka pale si mama, wala si mwenyekiti. Ni mimi. Nilidhani ni kama mbegu. Mkitaka kuninyang'anya kwa hilo, ninyang'anyeni. Ila msininyang'anye kwa karata, maana karata sikucheza."

Nikakaa. Mama alinishika mkono chini ya kanga yake, akaubana.

Mzee Nassoro aliikunjua kofia yake, akaivaa. Mwisho akasema laptopu ibaki kwa katibu, kikao kimefungwa. Habari ya karata hakuitaja.

Tangu siku hiyo laptopu ililala chumbani, ndani ya sanduku la nguo, mbali na moto. Katikati ya wiki, betri ilipobaki robo, nilitoka shule nikaipeleka Soni bila kungoja Jumamosi. Na kwa kuwa dakika zilikuwa chache, niliandika orodha yote kwenye daftari kwanza, nikaisahihisha, ndipo nikaiwasha na kuchapa mara moja. Ilikuwa kazi. Mkono uliuma. Lakini betri iliyokuwa inashuka kila mwezi iliacha kushuka, ikasimama kwenye dakika arobaini na kitu.

Msimu uliofuata yule mnunuzi wa Tanga alirudi. Nilimsomea nyanya, kabichi, karoti, hoho na viazi, mpaka jina la mwisho. Akaagiza shehena nzima ya gari.

Mzee Nassoro alikuwa amesimama nyuma yangu muda wote. Mnunuzi alipotoka kwenda kuita vijana wa kupakia, mzee akakohoa.

"Sabra. Mtu akinitolea kosa langu mbele za watu, namkasirikia. Lakini aliyetoa langu akatoa na lake, papo hapo, bila kulazimishwa, huyo nitamkasirikia vipi? Kitu kikiharibika, sisi wazee hukimbilia kumtafuta wa kumlaumu. Wewe ulitafuta sababu, na ulipoikuta mlangoni kwako hukuipitisha kwa jirani. Wanachama wote wajifunze hilo, nikiwa mimi wa kwanza."

"Asante, mzee," nikasema. Kisha nikamtazama, maana nilikuwa nimelisubiri neno moja msimu mzima. "Na karata?"

Mama akaguna kunionya. Mzee Nassoro alivua kofia yake.

"Karata hukucheza," alisema, kwa sauti ya kusikika na waliokuwa mlangoni. "Nilisikia uvumi, nikausema kama jambo nililoliona. Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusamehe, mzee."

Betri ilikuwa imebakiza dakika kumi na mbili. Nikaizima mwenyewe, kabla haijazimika.