Droni Kubwa ya Fundi Bati

Mvumo ulianzia nyuma ya nyumba. Ulikuwa mwembamba na mkali, kama wa nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo. Ukapanda, ukashuka, kisha ukakatika ghafla. Kitu kikagonga ukuta: ko!

"Wewe nawe!" sauti ya mwanamume ikalalamika. "Nakwambia kulia, unakwenda kushoto. Kichwa ngumu kama mwenye nyumba aliyelewa!"

Hakuna aliyemjibu. Mwanamume huyo alikuwa akizungumza na droni.

Mtaani walimwita Fundi Bati. Kwa miaka mingi alikuwa akiezeka nyumba za watu. Alitembea juu ya mapaa kama wengine wanavyotembea sebuleni. Kisha siku moja alikanyaga bati ambalo mbao za chini yake zilikuwa zimeoza, akaanguka. Tangu hapo mguu wake wa kushoto haukunjiki. Alitembea kwa fimbo, na mara nyingi hakutembea kabisa.

Mkewe alikuwa amefariki. Mwanawe wa pekee alikwenda kufanya kazi mbali. Siku ya kuondoka alimwachia babake droni ndogo, nyepesi kama yai.

"Ikuchangamshe, baba," alisema.

Basi kila asubuhi Fundi Bati alikunywa chai, akaosha kikombe kimoja, akasikiliza nyundo za mtaa. Alizijua zote kwa mlio.

"Huyo anapiga msumari mfupi," aliuambia ukuta. "Na huyo mvivu. Anapiga mara mbili, anapumzika."

Kisha alirusha droni yake uani. Vidole vyake vilizoea. Ikishuka, aliidaka hewani kwa mkono, kama mtu anayekamata nzi. Lakini droni ile ilikuwa ya kujifunzia tu. Upepo kidogo uliibeba. Betri yake iliisha kabla raha haijaanza. Picha zake zilikuwa ukungu mtupu. Haikuweza hata kuvuka paa la jirani, na yeye alitaka kuyaona mapaa. Alitaka kuyaona kama mtu anavyotaka kuona ndugu zake.

Akauza ngazi zake mbili ili anunue droni kubwa zaidi.

Aliyezinunua ni Twiga, mwenzake wa zamani wa kazi. Jina hilo alipewa kwa urefu wake. Twiga alifika mchana, akasimama mlangoni.

"Pita ukae," Fundi Bati alisema.

"Sikai, kaka. Vijana wananisubiri barabarani."

"Hata maji ya kunywa?"

"Siku nyingine, kaka."

"Hiyo ndefu inateleza mguu mmoja. Ifunge kitambaa."

"Naijua. Si tulikuwa wote?"

"Tulikuwa," Fundi Bati alisema.

Twiga aliiona droni ndogo mezani, akacheka. "Kaka! Umeanza midoli ukubwani?"

"Cheka tu. Nanunua kubwa, yenye kamera ya maana. Itanionyesha mapaa nikiwa chini. Mtaniita kazini tena."

"Kaka, bati halipigiliwi kwa picha."

Twiga hakusema kwa ubaya. Lakini aliinua ngazi begani, akaenda. Zikawa zinagongana njia nzima. Fundi Bati alizisikiliza mpaka hazikusikika tena.

Droni kubwa ilipofika, moyo ulimdunda. Ilikuwa na mikono minne ya kukunja. Ilikuwa na rimoti nzito, na simu ilipachikwa juu yake ili uone kile inachokiona. Kulikuwa pia na kijitabu cha maelekezo. Fundi Bati alikitia kabatini.

"Mimi na juu tunajuana," alijisemea. "Nifundishwe nini?"

Simu ikamwuliza swali moja: droni ikirudi yenyewe nyumbani, ipite kwa urefu gani? Hapo hakuwaza sana. Aliyajua mapaa yote ya mtaa kwa kichwa. Refu kuliko yote lilikuwa la mwalimu mstaafu. Aliliezeka yeye mwenyewe. Akaweka urefu unaolipita paa lile kidogo tu.

Akairusha.

Lo! Haikuyumba. Ilisimama hewani kama imetundikwa kwa kamba. Akaipandisha, na kwenye kioo cha simu mtaa mzima ukafunguka. Lile pale bati la buluu alilolipigilia wakati wa jua kali. Ile pale kofia ya paa, bati la kileleni, aliyoikunja kwa mikono yake. Machozi yakamlengalenga, naye akayaacha.

Akaipeleka mbele zaidi. Uani mwa nyumba ya nyuma kulikuwa na bibi mmoja na mwanamke wa makamo. Walikuwa wakichambua maharage, huku wakicheka hadi mabega yanatikisika. Fundi Bati akaishusha droni kidogo ili aone vizuri. Akatabasamu nao, peke yake, kwa kichekesho asichokisikia.

Kisha bibi akatazama juu. Kicheko kikamkauka. Akavuta kanga yake kichwani. Mwanamke akasimama, akapunga mkono kwa hasira kama anayefukuza kunguru.

Aibu ikamshika Fundi Bati. Akaikimbiza droni mbali, ng'ambo ya ile nyumba, bila kutazama ilipita wapi. Huko simu ikaanza kulia: betri inakwisha. Haraka haraka akabonyeza kitufe cha kuirudisha nyumbani.

Droni ikageuka, ikanyoosha njia. Mara kioo kikajaa kitu kikubwa cheusi.

Paa! Mlio alioujua vizuri, wa kitu kinachoanguka, ulitoka nyuma ya nyumba. Picha ikabiringika, ikatulia. Kwenye kioo kulibaki maharage tu.

Baada ya muda mlango ulibishwa. Mwanamke yule alisimama kizingitini. Mkononi alikuwa na droni yenye mkono mmoja uliovunjika.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Haya, heshima nimeshaitoa. Sasa nina hasira. Hii ni yako?"

"Yangu."

"Imegonga mnara wa tangi letu la maji, ikaangukia ungo wa mama yangu. Ingekuja hatua moja kushoto, ingempata kichwani!"

"Mnara gani? Pale hapana mnara."

"Mzee, tangi limewekwa mwaka jana! Linaonekana hata kutoka sokoni."

"Sijaenda sokoni."

"Tangu lini?"

"Tangu nianguke."

Mwanamke alitazama fimbo. Akatazama kikombe kimoja kilichoinamishwa kukauka. Alipozungumza tena, sauti ilikuwa imeshuka.

"Kumbe humu mna mtu. Sijawahi kuona mlango huu ukifunguliwa. Nilidhani ni ghala."

Maneno hayo yalimwuma Fundi Bati kuliko kelele zote ambazo angeweza kupigiwa.

"Na pale juu ulikuwa unatuchungulia nini?" mwanamke aliuliza.

"Mlikuwa mnacheka," alisema. "Nilitaka kujua mnacheka nini."

Mwanamke alivuta kiti bila kukaribishwa, akakaa.

"Mimi ni mpima ardhi," alisema. "Kazini narusha droni kila wiki. Ulianza na ipi?"

Fundi Bati akamwonyesha ile ndogo.

"Vizuri. Umeanza panapostahili. Lakini hii ndogo imekufundisha vidole tu. Ikigonga ukuta, unacheka. Hii kubwa ni nzito, na ikidondoka kutoka juu ni sawa na jiwe. Huwezi kuirusha kwa mazoea ya ile."

"Mwanangu, mimi nimekaa juu ya mapaa tangu wewe hujazaliwa."

"Sikatai. Lakini unaijua juu ya zamani. Mtaa umekua, wewe umo ndani. Urefu wa kurudi nyumbani hauwekwi kwa kumbukumbu, mzee. Unatoka, unazunguka, unatazama kwa macho yako. Mnara, nguzo ya umeme, mti, ghorofa mpya. Unaweka urefu unaovipita vyote, kwa nafasi ya kutosha."

"Na kama siwezi kuzunguka?"

"Una fimbo. Na mimi nina mkono wa kukushika."

Fundi Bati alitazama chini. Alikuwa amesahau jinsi ya kukubali jambo kama hilo.

"Lakini kwanza," mwanamke alisema, "unakwenda kumwomba mama msamaha."

Wakaenda polepole. Bibi alikuwa ameketi palepale, akiokota maharage yaliyomwagika. Fundi Bati alivua kofia.

"Nisamehe, mama. Nilikosa."

"Wewe ndiye uliyenitumia lile dude? Nilidhani malaika amekuja kunichukua kabla ya zamu yangu!"

"Nisamehe sana."

"Nimesamehe. Ila mtu akitaka kuniona, huja kwa miguu. Nami hupata nafasi ya kujitengeneza." Akasogeza ungo. "Haya, kaa. Umeyamwaga, uyachambue."

Akayachambua.

Vipuri vilipopatikana, Mpima, ndivyo alivyomwita sasa yule mwanamke, alimsaidia kubadili ule mkono uliovunjika. Akakagua na mapanga yanayozunguka, akayatupa yote yenye ufa, hata ufa ukiwa mwembamba kama unywele.

"Panga lenye ufa halirushwi," alisema. "Linakatika juu, na droni yote inashuka."

Alimwambia pia kwamba droni kubwa ina sheria zake, na kila nchi ina zake. Wakaenda pamoja ofisi ya usafiri wa anga. Wakauliza, wakaiandikisha droni, na Fundi Bati akafanya mtihani wa kibali. Mara ya kwanza alifeli.

"Swali la upepo lilikuwa la mtego!" alifoka njiani.

"Halikuwa la mtego. Hukusoma."

Akakitoa kijitabu kabatini. Akasoma kwa kidole, mstari kwa mstari. Mara ya pili akafaulu.

Mazoezi walifanyia kiwanja kitupu, mbali na watu. Fundi Bati alitaka kuirusha mara moja.

"Subiri," Mpima alimzuia. "Ipe nafasi ishike setilaiti, ijue mahali ilipo. Simu itakwambia kwamba droni imeandika mahali pa nyumbani. Ukiirusha kabla, ikipotea haina pa kurudi."

"Kama mlevi."

"Kama mlevi, mzee. Na betri ikibaki theluthi, anza kurudi. Usingoje ilie. Kurudi dhidi ya upepo kunakula betri zaidi kuliko kwenda."

Droni ilipokuwa inashuka, Fundi Bati alinyoosha mkono kuidaka, kama alivyozoea kudaka ile ndogo.

"Mkono!" Mpima alipiga kelele, akamvuta.

"Nini tena?"

"Ukiishika hewani, inadhani upepo unaisukuma. Inapigana nawe. Mapanga yanaongeza kasi, na vidole ndivyo vinavyolipa. Iache itue chini, izime, ndipo uiguse."

Fundi Bati alitazama vidole vyake kumi, vilivyoshika nyundo maisha yote. Akavificha mfukoni. Kila jambo lililomsumbua, kama zoea lile la kudaka, alilifanyia mazoezi kwanza kwa droni ndogo uani mpaka mkono ukaacha kunyooka wenyewe.

Na kila alipotaka kurusha mahali papya, alizunguka kwanza. Alibisha hodi. "Nitapita juu ya nyumba yenu kutazama paa la fulani. Kamera haitageukia uani. Mnaridhia?" Wengi waliridhia. Wengine walikataa, naye akapindisha njia. Siku nyingine alirudi nyumbani jioni amechoka, akakuta kumetulia kama zamani. Upweke ulikuwa bado umekaa kitini. Ila sasa asubuhi alikuwa na mahali pa kwenda.

Hatimaye alimpigia simu Twiga.

"Nasikia mna kazi kwenye ghala la nafaka. Linavuja."

"Ndiyo, kaka. Tunapanda leo."

"Nisubirini. Msipande."

"Kaka, vijana wako tayari—"

"Twiga! Nisubirini."

Alipofika na fimbo yake, vijana walitazamana. Twiga alikuwa ameshaegemeza ngazi ukutani, mguu mmoja juu. Fundi Bati hakusema mengi. Alizunguka ghala akitazama juu, nguzo na waya. Alipata ridhaa ya mwenye ghala. Aliwasogeza watu wote pembeni. Akaweka urefu, akangoja setilaiti, akairusha.

Droni ikapita juu ya paa taratibu. Twiga akainama kwenye kioo.

"Mbona zima tu? Kutu kidogo. Nitakanyaga mstari wa misumari, kama ulivyonifundisha."

"Misumari inakuonyesha mbao zilipo," Fundi Bati alisema. "Haikuonyeshi kama ni nzima."

Akaishusha droni upande mmoja, ikatazama paa kwa ubavu. Hapo katikati mabati yalikuwa yamebonyea, kidogo sana, kama godoro palipolala mtu.

"Umeona?"

Twiga akaingia ndani ya ghala na tochi, akapanda juu ya magunia, akachokoa kwa bisibisi mbao iliyoshika mabati pale. Bisibisi ikazama hadi kwenye mpini. Mbao ilikuwa unga mtupu. Mchwa walikuwa wameila wakabakiza ganda.

Alitoka nje amepauka. Akaketi kwenye kipandio cha chini kabisa cha ngazi, ile miguu yake mirefu ikiwa imekosa pa kukunjwa.

"Pale ndipo ningepita," alisema.

"Ndipo."

"Kaka." Twiga alifuta uso kwa kiganja. "Siku ile ulipoanguka, mimi ndiye niliyekubeba. Nikija kwako, nasikia tena ule mlio. Ndiyo sababu sikai."

Fundi Bati hakuwa amelijua hilo. Miaka yote alidhani amesahauliwa. Kumbe huko nako kulikuwa na mtu aliyebeba mzigo huohuo, peke yake.

Vijana walianza kuweka mbao mpya kwa ndani, na nyundo zikalia. Fundi Bati akamwekea Twiga mkono begani.

"Nisikilize, mdogo wangu," alisema kwa sauti, ili na vijana wasikie. "Mimi sitapanda tena. Lakini maadamu macho yangu yanaona, hakuna paa utakalolikanyaga kabla mimi sijalitazama. Nakuahidi."