Mlango Uliokataa Kufungwa

Ilikuwa Jumamosi, saa moja na robo asubuhi. Mvua ilikuwa imenyesha siku tisa mfululizo, na sasa yalibaki manyunyu.

Mchoma matofali alikuwa akiranda mlango wa nyumba yake. Siku ya Jumanne aliuranda ukafunga vizuri. Leo ulikuwa umekwama tena. Mkewe alikuwa akikoroga uji. Mama mzazi wa mchoma matofali, ambaye nyumba nzima ilimwita Bibi, alimtania kwamba akiendelea hivyo watabaki na kijiti cha kuchokolea meno.

Randa ilikuwa ya kuazima. Mwenyewe alikuwa jirani, mwanamke aliyesimamia vibarua wa barabara. Watu walimwita Mama Koleo. Alipofika kuichukua, hakuitazama randa. Alitazama mlango.

“Jirani, wiki hii ni mara ya pili. Mlango huu una nini?”

“Mbao zimevimba kwa mvua.”

Mama Koleo aliinama, akaukagua. Ubao ulikuwa umenyooka. Kilichopinda ni fremu. Akauliza habari za chemchemi iliyo nyuma ya nyumba. Mke alijibu kwamba juzi ilitoa tope, na tangu jana haijatoa hata tone.

Uso wa Mama Koleo ulibadilika. Alimwongoza mchoma matofali kupanda mlima nyuma ya nyumba. Walipanda hatua ishirini, wakasimama.

Ardhi ilikuwa imepasuka. Ufa ulikata mlima kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mshono uliofumuka. Mchoma matofali aliingiza mguu, ukazama hadi gotini. Aliutoa haraka.

Juu ya ufa kulikuwa na visiki arobaini. Mwaka uliopita aliikata miti ile ili kuchomea matofali ya kanisa jipya. Alifanya kazi hiyo bure, kama sadaka yake.

Mama Koleo alieleza taratibu. Mizizi hushika udongo. Mti ukikatwa, mizizi yake huoza. Mvua ikizidi, udongo huwa mzito, nao huteleza. Kabla ya kuteleza hutoa dalili: milango hukwama, miti huinama, chemchemi hubadilika, ardhi hupasuka. Anayeziona huondoka papo hapo na kuwaambia majirani.

“Lakini kazi ile ilikuwa ya Mungu,” alisema mchoma matofali. “Nilisali kabla ya kukata kila mti. Atauacha mlima utuangukie?”

“Mimi pia nasali, ndugu yangu. Aliyeumba mlima ndiye aliyeupa mizizi. Ulimwomba akulinde, naye amekuonya mara mbili kupitia mlango. Mara zote mbili ulimjibu kwa randa.”

Mchoma matofali aliinamisha kichwa. Aliporudi chini, aliwaeleza mkewe na Bibi. Bibi ndiye aliyesimama kwanza.

“Nipeni fimbo yangu na Biblia yangu,” alisema. “Mlima haungoji uji upoe.”

Waligonga milango ya nyumba tatu za jirani. Kufikia saa nne watu wote walikuwa kanisani, mahali palipoinuka, mbali na mteremko.

Saa tano kasorobo walisikia mngurumo, kama lori linalomwaga mawe. Wakatoka nje. Mlima ulikuwa umeshuka. Pale palipokuwa na nyumba ya mchoma matofali palionekana bati moja tu, na tope. Mke alikuwa bado ameshika mwiko wa uji. Hakujua kwamba amekuja nao.

Mchoma matofali aliweka kiganja chake kwenye ukuta wa kanisa. Aliyatambua matofali yake.

“Bwana,” alisema polepole, “nilikutolea kilichokuwa kinatushikilia. Nisamehe. Na asante kwa kutuonya.”

Baada ya hapo, kila mmoja alifanya lake. Mama Koleo alifundisha zile dalili kanisani Jumapili tatu. Mchungaji aliacha kupokea matofali ya kuchomwa kwa kuni. Mchoma matofali alijifunza kufyatua matofali ya udongo na saruji yasiyohitaji moto, na udongo ulipotulia alipanda miche mia mbili mlimani. Mkewe hukagua chemchemi za majirani kila mvua inapozidi. Bibi anaishi na mwanawe na mkwewe katika nyumba mpya, kwenye ardhi tambarare. Kila asubuhi husali kwanza, kisha hufungua na kufunga mlango mara mbili.