Kidole Kilichoita

Siku ya kwanza Pudensiana alidhani ni yeye mwenyewe aliyekibonyeza. Kidoli kilichomoza ndani ya kioo cha kompyuta wakati mkono wake umeshika kikombe cha chai, si mausi. Akakitazama. Akasema, "Karibu," akaendelea kunywa chai yake. Laiti angejua, angeimwaga ile chai na kukimbia bila viatu.

Tuelewane kwanza. Mwaka ule wa tisini na saba alikuwa katibu muhtasi wa mradi wa visima pale Mpanda mjini. Mradi ulikuwa na kompyuta moja, iliyofunikwa kitambaa cha kudarizi, na jenereta lililokohoa nyuma ya stoo mchana kutwa. Bosi wao, Josephat, alishinda porini huko Mishamo. Basi barua zikiisha, Pudensiana na Sospeter, mtunza stoo, walicheza gemu la kupasua mapovu. Povu linapanda, unaliwahi kwa mausi, unalibonyeza kabla halijafika juu. Sospeter alikuwa na kidole chepesi, na mdomo mwepesi zaidi.

"Dada Puden, hicho kidole kimezoea kumenya mihogo," alikuwa akimwambia. "Kiache kipumzike."

Hilo lilimuuma. Akaanza kupekuapekua ndani ya mashine, akakuta mahali pa kupimia kasi ya kidole. Palikuwa na picha ya boksi dogo lililofungwa. Ukilibonyeza mara mbili chapuchapu, kidoli kinachomoza. Ukizubaa, boksi linabaki kimya. Tena palikuwa na kishale: kila ukikisogeza upande wa haraka, boksi linataka kidole chepesi zaidi. Pudensiana akawa anakisogeza kidogo kidogo, anashindwa, anarudia, mpaka linafunguka. Na kila kidoli kilipochomoza alikikaribisha, maana kazi yake ndiyo ilikuwa hiyo, kila kichwa kinachotokeza mlangoni pale ofisini anakiambia karibu. Mdomo ulishazoea, haukuuliza tena.

Nyumbani kwake Makanyagio aliendelea na mazoezi. Alipiga kidole juu ya meza, kwenye kinu, kwenye mguu wa kitanda. Tak-tak. Tak-tak. Alikuwa na mimba ya miezi saba, na mumewe, Malale, alikuwa kwenye minada ya ng'ombe akizunguka. Mimba ya kwanza ilikuwa imetoka. Hii ya sasa aliibeba kwa woga, usingizi wake ukiwa wa kuhesabu mateke ya mtoto, na ukweli ni kwamba lile gemu lilimsaidia kusahau woga ule. Sospeter alishashindwa zamani. Hata yeye mwenyewe hakuona tena kidole chake kikishuka.

Jioni moja alikuwa anachambua maharage, mlango ukagongwa. Tak-tak. Haraka mno, mkono wa mtu hauwezi.

"Karibu," akaitikia, akainuka, akafungua. Nje hapakuwa na mtu. Jirani yake alikuwa mbali akikusanya kuku. Pudensiana akafunga mlango, na alipogeuka akakuta kigoda alichokuwa amekikalia kimesogezwa karibu na moto, kama asogezavyo mtu aliyetoka kwenye baridi.

Ndipo ikaja harufu. Nyumba ile haikuwa na umeme hata wa dawa, lakini ilianza kunuka vumbi lililopata moto, harufu ile inayotoka nyuma ya kompyuta iliyowaka siku nzima. Ilikuwa inakaa mahali pamoja, kisha inahama. Leo iko jikoni, kesho iko kando ya kitanda. Maji ya mtungini yakawa yanapungua. Na kila harufu ilipomsogelea, mtoto tumboni alikuwa anatulia, hachezi kabisa, na Pudensiana alishika tumbo kwa mikono miwili akimbembeleza apige japo teke moja.

Akamweleza Sospeter. Sospeter, mzee wa maneno, siku hiyo akafunga kwanza mlango wa ofisi.

"Zima hiyo mashine," akanong'ona. "Mimi kile kidoli nimekiona kimetoka na jenereta limezimwa. Nilidhani malaria."

"Mbona hukuniambia?"

"Ningekuambia ungenicheka, dada."

Walichomoa waya wote. Haikusaidia kitu, maana yule aliyeitwa hakuwa ofisini tena.

Siku ya Jumapili, baada ya misa, jua likiwa katikati, Pudensiana alijilaza kitandani kwa ubavu akiwa na khanga moja tu, mlango ameufunga, dirisha wazi, watoto wa jirani wanacheza rede nje na kelele zao anazisikia vizuri, na katika hali hiyo ya kuwa macho kabisa, si ndoto, si homa, akasikia harufu ile ikiingia na kusimama mgongoni pake, godoro likabonyea taratibu kama anavyokaa mtu mwenye adabu asiyetaka kumwamsha mwenzake, kisha juu ya tumbo lake, juu ya ngozi yenyewe chini ya khanga, kikatua kitu chembamba na cha baridi, kidole, akakijua ni kidole kwa jinsi kilivyotafuta mahali pake, kikagonga, tak-tak, kikangoja, kikagonga tena, tak-tak, na mtoto wake aliyekuwa ametulia tangu asubuhi akajibu kwa mateke mawili ya haraka, haraka kuliko alivyowahi kupiga.

Hakupiga kelele. Aliogopa mtoto asije akashtuka. Alilia kimya kimya, uso ameuzamisha kwenye mto, mpaka godoro likainuka.

Mfa maji haachi kutapatapa. Kesho yake Sospeter alimpeleka kwa Enoka, fundi baiskeli, ambaye watu walijua kwamba anatengeneza na mengine zaidi ya baiskeli. Enoka alimsikiliza huku anaziba pancha.

"Ulimwambia neno gani alipotokea?" akauliza.

"Karibu."

"Mara nyingi?"

"Kila siku, fundi."

Enoka akaacha tairi. "Basi hujavamiwa, dada. Umekaribisha. Nikimpiga kwa dawa nitakuwa nampiga mgeni wako, na hasira yake ataimalizia kwa huyo uliyembeba. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Hawa viumbe ni wavivu. Akiona kazi atakuaga."

Ushauri ulimwingia moyoni kwa sababu ulikuwa wa wazi, hauna kuku mweusi wala kaburi. Akanunua jembe jipya, akalitia mpini. Jua lilipozama alilisimamisha kwenye mlango wa nyuma, mbele ya kiwanja kilichokauka. Ilikuwa Septemba, ardhi ngumu, hata wanaume hawathubutu kuigusa mpaka mvua inyeshe.

"Mgeni wangu," akasema, "umekula, umelala. Kazi ile pale."

Alfajiri alifungua mlango akakuta kiwanja chote kimelimwa. Matuta yamenyooka, udongo umegeuzwa mpaka ule mwekundu wa chini. Jembe limeoshwa, limeegemezwa ukutani. Na ndani ya nyumba hakukuwa na harufu hata chembe. Mtoto alicheza tumboni siku nzima, mateke ya kawaida, ya uvivu. Pudensiana akaimba jikoni. Siku zilizofuata akalala usingizi mzito, akanenepa.

Mama mkwe wake, Minza, alifika kutoka Kabungu na kibuyu cha maziwa ya mgando, amekuja kumwangalia mpaka ajifungue. Alikuwa mama wa Kisukuma mwenye maneno machache. Alisalimia, akazunguka nyuma na kibuyu chake kukitafutia kivuli, akarudi mikono mitupu, kibuyu kimemponyoka.

"Nani kalima kiangazi hiki?" akauliza polepole.

Pudensiana akamweleza yote, akicheka kidogo, maana kwake yalikuwa yamekwisha. Mama mkwe hakucheka. Alikaa chini, palepale kizingitini.

"Mwanangu," akasema, "sisi tulipofika Kabungu na ng'ombe wetu kutoka Shinyanga, wenyeji wa pale, Wabende, walituita wageni. Tulikula ugali wao, tulilala kwenye ua wao, na kila asubuhi tuliwaza pa kwenda. Siku walipotukabidhi jembe na kipande cha kulima, jina la ugeni likaisha. Nimezika mume pale. Nani ataniondoa?" Akamshika mkono. "Mgeni ungemwacha akae, angechoka akaenda zake. Wewe umempa shamba. Huyo sasa ni wa nyumba hii."

Mtoto, Nkwabi, alizaliwa mvua zilipoanza, mzima, ana mapafu ya kuamsha mtaa. Mahindi ya nyuma yaliota na kupaliliwa, na hakuna aliyeuliza nani anapalilia. Malale aliporudi kutoka minadani alisikiliza habari hizo, akahamisha familia mpaka ng'ambo ya reli. Walipofika na mizigo walikuta uwanja umefagiwa. Pudensiana hakugusa tena mashine ile, akaomba Josephat amhamishie mapokezi, na hata huko wageni aliwaitikia kwa kichwa tu.

Mtoto alipoanza kukaa mwenyewe, mchana mmoja alimweka kwenye mkeka akaenda kuanua nguo. Akamsikia analia, akatupa nguo, akakimbia ndani. Kilio kikakatika kabla hajavuka mlango. Nkwabi alikuwa anacheka, machozi bado mashavuni. Mama yake akapiga magoti mbele yake, akafungua mikono.

Mtoto akamtazama. Kisha akageukia pembeni, pasipo na mtu, akanyoosha mikono yake miwili juu, ili abebwe.